Mfahamu Damar Hamlin, Mchezaji wa NFL Aliyezima Uwanjani Kisha Akarudi Kazini

Kama hufuatilii futiboli ya Marekani, usijali, hii stori utaishika tu. Ni ya msee wa miaka 24 ambaye moyo wake ulisimama katikati ya mechi huku mamilioni wakitazama kwa runinga. Miezi tisa baadaye alivaa helmeti na kurudi kazini. Cheki vile mambo yalienda.

Alitoka wapi?

Jina lake kamili ni Damar Romeyelle Hamlin. Alizaliwa tarehe 24 Machi 1998 huko McKees Rocks, mji mdogo kando ya Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Mathe ni Nina, buda ni Mario.

Sekondari alisomea Central Catholic, shule ileile aliyopitia gwiji Dan Marino. Alipomaliza, vyuo kibao vilimtaka, lakini yeye akachagua Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Sababu? Alitaka kukaa karibu na nyumbani ili ndugu yake mdogo amwone akicheza. Mwanzoni majeraha yalimsumbua, ila hadi anamaliza chuo alikuwa mmoja wa manahodha.

Aliingiaje NFL?

Kila mwaka timu za NFL huketi na kuchagua vijana wapya kwa zamu, raundi saba. Ukichaguliwa mapema, doo ni ndefu na nafasi yako haina maswali. Ukichaguliwa mwishoni, unaingia kambini ukijua unaweza kutemwa wakati wowote. Mwaka wa 2021 walichaguliwa vijana 259, na Hamlin alikuwa nambari 212, raundi ya sita. Timu iliyomchukua ni Buffalo Bills kutoka jimbo la New York.

Yeye hucheza nyuma kabisa ya difensi. Ukiwa mtu wa soka, mfikirie kama beki wa mwisho: adui akikupita wewe, hakuna mwingine. Msimu wa kwanza alikaa benchi sana. Kisha Septemba 2022 beki mkongwe Micah Hyde akaumia shingo, na Hamlin akapewa nafasi. Hakuiachilia.

Usiku wa 2 Januari 2023

Ilikuwa Jumatatu usiku, Bills wakiwa wageni wa Cincinnati Bengals. Katika robo ya kwanza, Tee Higgins wa Bengals alidaka mpira na kumgonga Hamlin kifuani. Hamlin akamwangusha, akasimama, akapiga hatua moja mbili, kisha akaanguka chali.

Hapo ndipo watu walijua hii si jeraha la kawaida. Denny Kellington, mmoja wa wahudumu wa afya wa Bills, alifika haraka na kuanza kumsukuma kifua. Wakatumia pia mashine ya kushtua moyo. Wachezaji wakapiga magoti wakiwa wamemzunguka, wengine wakilia wazi. Ambulensi iliingia hadi uwanjani na kumpeleka hospitali ya chuo kikuu pale Cincinnati. Mechi haikuendelea tena, na baadaye NFL ikaifuta kabisa.

Madaktari walikuja kusema ni commotio cordis. Maana yake ni hii: kifua kikigongwa kwa nguvu katika sekunde ndogo sana, moyo ukiwa katikati ya pigo lake, mpangilio wake huvurugika na unaacha kusukuma damu. Moyo wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa. Ni ajali ya wakati mbaya tu.

Siku chache baadaye Hamlin aliamka. Hakuweza kuongea, kwa hivyo aliandika swali kwenye karatasi: tulishinda? Madaktari wakamjibu kuwa yeye ndiye ameshinda, mechi ya maisha. Tarehe 11 Januari alitoka hospitali.

Mchango uliolipuka

Kabla ya hayo yote, Desemba 2020, Hamlin alikuwa ameanzisha mchango wa kununulia watoto wa mtaani kwao vitu vya kuchezea. Lengo lilikuwa dola 2,500. Baada ya ile ajali watu waliutafuta mtandaoni na kutuma walichonacho. Pesa zikapita dola milioni 9. Noma sana.

Alirudi kweli?

Alirudi. Aprili 2023 madaktari walimruhusu kucheza, na tarehe 1 Oktoba 2023 aliingia uwanjani dhidi ya Miami Dolphins. Lakini usidhani ilikuwa mteremko. Msimu huo alicheza mechi tano pekee za msimu wa kawaida, na tuzo ya mchezaji aliyerudi kwa kishindo ikaenda kwa Joe Flacco, yeye akawa wa pili.

Wengi wangeridhika hapo. Yeye aliendelea kupambania namba, na 2024 akawa beki wa kuanza. Septemba mwaka huo, dhidi ya Jacksonville Jaguars, na tena Jumatatu usiku, alinyakua pasi ya adui kwa mara ya kwanza katika NFL.

Na wewe je?

Hamlin amezunguka miji ya Marekani akihimiza watu wajifunze kuokoa mtu aliyezima, na akapigia debe mashine za kushtua moyo ziwekwe shuleni. Anajua kilichomwokoa: mtu aliyejua la kufanya alikuwa karibu.

Sisi tunaikumbuka ile siku ya 2003 Marc-Vivien Foé wa Cameroon alipoanguka uwanjani Lyon na asiamke. Kwa hivyo shika hii. Mtu akianguka ghafla, hasikii na hapumui vizuri, itisha usaidizi mara moja. Weka mikono katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu, chini kama sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama kuna mashine ya kushtua moyo, iletwe. Usiache hadi msaada ufike au mtu apumue.

Huhitaji kuwa daktari. Huyo anayekutegemea anaweza kuwa mchezaji mwenzako wa Jumapili, au buda yako sebuleni.