Mnyama asiye na ubongo anatufundisha nini?

Msikilizaji, Trichoplax ni mnyama mdogo wa baharini, bapa kama chapati, mwenye upana wa milimita 1 hadi 3 hivi. Hana mdomo, tumbo, misuli wala ubongo. Hutambaa juu ya mwani na kuumeng'enya kwa upande wake wa chini. Aligunduliwa na Mjerumani Franz Eilhard Schulze kwenye tangi la maji ya bahari mjini Graz, Austria, akamtangaza mwaka 1883.

Mwaka 2008 wanasayansi walichapisha jenomu yake, yaani maagizo yote ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Maagizo hayo huandikwa kwa kemikali nne zinazopewa herufi A, T, G na C. Trichoplax ana herufi milioni 98 hivi na jeni zipatazo 11,500. Binadamu ana herufi bilioni 3 na jeni zipatazo 20,000.

La kushangaza ni kwamba ana jeni nyingi ambazo kwetu hufanya kazi kwenye mishipa ya fahamu, naye mishipa hiyo hana!

Wajukuu wa nyumba tofauti wakifanana pua, tunamfikiria babu. Hapa pia, jeni hizo zilitoka kwa babu wa kale wa wanyama. Huenda awali zilisaidia seli kupashana habari tu, mishipa ikaja baadaye. Au huenda ukoo wa Trichoplax ulikuwa nayo, ukaipoteza. Ndiyo maana wanasayansi husoma pia jenomu za sponji na wanyama wengine wa baharini: kulinganisha ndugu ili kumjua babu.