Faranga Moja kwa Mwaka, Milele: Mkataba wa Kigoma Ambao Nyerere Alikataa Kuurithi

Faranga moja kwa mwaka. Hiyo ndiyo kodi ya pango ambayo Ubelgiji ilipangiwa kulipa kwa maeneo iliyopewa katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Muda wa upangaji haukuwa miaka 10, 50 wala 99. Uliandikwa kuwa wa milele. Mkataba ulitiwa saini London tarehe 15 Machi 1921, kati ya Uingereza na Ubelgiji. Wenye nchi, Waha na Wajiji, Wamanyema na wengine waliolowea mwambao wa ziwa, hawakuulizwa.

Maeneo hayo yakaja kujulikana kwa jina la Belbase. Leo ni watu wachache wanaolijua jina hilo nje ya vitabu vya sheria ya kimataifa. Hilo linasikitisha, kwa kuwa ugomvi juu ya kipande hicho cha ardhi ya Kigoma ndio uliomlazimisha Mwalimu Nyerere kujibu swali ambalo nchi nyingi changa zilikuwa zinalikwepa: mkoloni akiweka saini kisha akaondoka, nani anafungwa na saini yake?

Hadithi inaanza na reli. Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Ghafla ufuko uliokuwa kivuli cha Ujiji, mji mkongwe wa wafanyabiashara, ukawa mlango wa kuingilia Kongo. Ng'ambo ya ziwa, Wabelgiji nao walijenga reli yao iliyofika Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915. Kati ya reli hizo mbili palikuwa na maji tu.

Mwishoni mwa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen, ile tunayoijua leo kama MV Liemba, wakarudi nyuma. Majeshi ya Ubelgiji yakaingia Kigoma, kisha Ujiji, na Septemba yakaitwaa Tabora. Tuseme ukweli: askari wengi wa majeshi hayo walikuwa Wakongo, na mizigo yao ilibebwa na maelfu ya wapagazi wa Kiafrika. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ilikuwa imeikalia nchi kubwa ya magharibi, na Uingereza iliitaka. Mwaka 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji wakaelewana: Ubelgiji ibaki na Ruanda-Urundi, Rwanda na Burundi za leo, na sehemu nyingine iende kwa Uingereza. Kigoma ilikabidhiwa kwa Waingereza Machi 1921, mwezi uleule uliotiwa saini mkataba wa Belbase.

Kwa hiyo mkataba ule ulikuwa fidia. Ubelgiji iliiachia Kigoma, lakini ikahakikisha kwamba mlango haufungwi. Bidhaa za kwenda na kutoka Kongo na Ruanda-Urundi zingepita bila kutozwa ushuru, na mawakala wa Kibelgiji wangezihudumia katika eneo lao wenyewe bandarini. Kibiashara lilikuwa jambo la maana. Mashariki ya Kongo iko mbali mno na Atlantiki, na njia ya Kigoma ilikuwa fupi. Sina ugomvi na haja ya njia. Ugomvi uko kwenye neno milele.

Uingereza haikuimiliki Tanganyika. Ilikabidhiwa kuitunza kama mdhamini wa Shirikisho la Mataifa, na hati yenyewe ya udhamini ilithibitishwa tarehe 20 Julai 1922, mwaka mmoja na zaidi baada ya kuwapa Wabelgiji ardhi ya milele. Mtu yeyote wa Ujiji aliyewahi kuona mirathi ya mayatima ikisimamiwa ataliona kosa hapo. Msimamizi anaweza kupangisha nyumba ya yatima ili apate ada ya madrasa na chakula. Hawezi kumpangishia rafiki yake nyumba hiyo kwa faranga moja mpaka siku ya kiyama, kisha yatima akikua aambiwe kwamba ahadi ni ahadi.

Hata hivyo mkataba ulidumu. Vita vya pili vikapita, Shirikisho la Mataifa likafa, udhamini ukahamia Umoja wa Mataifa mwaka 1946, na mwaka 1951 Uingereza na Ubelgiji zikaufanyia marekebisho. Bado milele ilibaki milele.

Ikaja 1961. Uingereza ilikuwa na desturi ya kuandikiana barua na koloni linalopata uhuru, ili serikali mpya ikubali kurithi mikataba yote iliyotiwa saini kwa niaba yake. Nigeria ilifanya hivyo mwaka 1960. Tanganyika ilikataa. Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya Uhuru, Waziri Mkuu Nyerere alilieleza Bunge msimamo wa serikali yake. Kuhusu Belbase, hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kujibiwa: mwenye mamlaka ya muda hawezi kutoa haki isiyo na mwisho. Tanganyika ingehesabu makubaliano ya 1921 na 1951 kuwa batili.

Nchi iliyozaliwa leo ikivunja mkataba, nani ataiamini kesho? Swali hilo lilikuwa la haki, na ninavyoona mimi jibu la Tanganyika ndilo lililoipa heshima. Siku yenyewe ya Uhuru, 9 Desemba 1961, serikali ilimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mikataba ya nchi mbili mbili ingeendelea kutekelezwa kwa miaka miwili, mradi upande wa pili nao uitekeleze, na katika muda huo kila mmoja ungetazamwa upya. Usiokubaliwa ungekoma mwisho wa muda huo, isipokuwa ule ambao sheria za kimataifa zenyewe zingeulinda. Hakuna aliyeviziwa.

Uganda na Kenya zilifuata njia hiyo kwa namna zao, na wanasheria wakaipa jina la Nyerere. Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika ilitumia fikra hiyohiyo kuziambia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya maji ya Nile ya mwaka 1929.

Lakini Nyerere huyohuyo, Cairo mwezi Julai 1964, aliwasilisha hoja ya kuwataka wakuu wa nchi huru za Afrika waheshimu mipaka iliyochorwa na wakoloni. Wapo wanaouona huo kuwa ukigeugeu. Mimi naona tofauti kubwa. Mipaka ile nayo ilichorwa bila ridhaa yetu, ila Cairo Waafrika wenyewe walikaa, wakaipima hatari ya kuigusa, wakaikubali kwa kauli yao. Belbase haikuwahi kupata kauli hiyo.

Tena Tanganyika haikumfungia jirani bandari. Kongo ilikuwa huru tangu 30 Juni 1960, Rwanda na Burundi zikafuata tarehe 1 Julai 1962. Waliohitaji njia walikuwa majirani hao, na shehena zao ziliendelea kupita Kigoma kwa kuelewana nao. Njia iliyopatikana kwa mazungumzo imevuka vita vya Burundi na vya Kongo, na mawimbi ya wakimbizi ambayo mkoa huu umeyapokea kuliko karibu mkoa mwingine wowote nchini.

Mfano wa mkataba wenye wenyewe upo palepale ziwani. Tarehe 12 Juni 2003, Dar es Salaam, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika, na mamlaka ya kuusimamia ina makao Bujumbura. Ndani ya ushirikiano huo, mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba inayokula kwa wavu, na mvuvi wa Katonga au Kibirizi anayezima taa zake ana haki ya kujua kama mwenzake wa Kalemie na wa Rumonge, Burundi, naye amezizima. Kwa sababu hiyo doria za nchi zote nne zinapaswa kuonekana majini kwa wakati mmoja, na takwimu za samaki baada ya kila kufungua ziwa zisomwe hadharani mialoni, kwa Kiswahili, mbele ya wavuvi waliokaa bila kazi.