Rekodi za muziki wa Abayudaya

Rekodi za muziki wa Abayudaya ni mkusanyiko wa nyimbo za jamii ya Wayahudi wa Uganda, ambao wengi wao huishi karibu na mji wa Mbale, mashariki mwa nchi hiyo. Jina Abayudaya ni la Kiganda na maana yake ni "watu wa Yuda". Albamu yao ilitolewa mwaka 2003 na Smithsonian Folkways ya Marekani, na siku hizi inapatikana pia kupitia intaneti.

Asili ya nyimbo

Jamii hiyo ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu (aliyefariki 1928), mpiganaji na chifu wa Kiganda aliyeacha Ukristo baada ya kusoma Agano la Kale. Waumini waliimba Zaburi na sala kwa Kiganda, na baadaye pia kwa Kiebrania. Watoto walijifunza nyimbo hizo kwa kuwasikiliza wakubwa.

Wakati wa utawala wa Idi Amin (1971–1979) dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Wengi walibadili dini, wengine walisali kwa siri. Inakadiriwa kwamba walibaki watu 300 hivi. Kwa kuwa nyimbo zilitunzwa vichwani mwa waimbaji, kila aliyeondoka aliondoka na sehemu ya urithi huo. Baada ya Amin kupinduliwa, vijana wakiwemo Gershom Sizomu na J. J. Keki walifufua ibada na kutunga nyimbo mpya.

Kurekodiwa

Kuanzia mwaka 2000 Jeffrey Summit, rabi na mtafiti wa muziki katika Chuo Kikuu cha Tufts, alirekodi Abayudaya katika vijiji vyao. Albamu ina Zaburi, nyimbo za Sabato, za watoto na za kubembelezea. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Uhifadhi na usambazaji

Kampuni ya Folkways ilianzishwa mwaka 1948 na Moses Asch, Myahudi mzaliwa wa Warsaw. Taasisi ya Smithsonian iliinunua mwaka 1987 kwa sharti kwamba albamu zake zote, zaidi ya 2,000, ziendelee kupatikana, hata zile zinazonunuliwa na wachache. Intaneti imerahisisha kazi hiyo, kwa sababu si lazima tena kuweka ghalani santuri au kanda za kila albamu.

Hata hivyo, sauti peke yake haitoshi. Albamu ya Abayudaya inaambatana na kijitabu kinachoeleza nani anaimba, kwa lugha gani na kwa tukio lipi. Pasipo maelezo hayo, vizazi vijavyo vingesikia sauti bila kujua ni ya nani.

Mwaka 2013 ilitolewa albamu nyingine, Delicious Peace, yenye nyimbo za wakulima wa kahawa Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa eneo hilohilo.