Uzuri wa Mkakasi

Wazee husema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mithali hii humwonya mtu asidanganyike na sura ya nje. Nawe, msomaji, itazame chapa ing'aayo iliyobandikwa mbele ya motokaa, au kitufe cha kuzidishia sauti ya redio. Mara nyingi utadhani ni chuma kitupu. Lakini ukikipima mkononi utastaajabia wepesi wake, kwani ndani ni plastiki. Je, mafundi waliwezaje kuivika plastiki madini? Na mng'ao huo uliwagharimu nini?

Habari hizi zaanza Italia. Mwaka wa 1800 Alessandro Volta alitangaza chombo chake cha kutoa umeme mfululizo. Miaka mitano baadaye rafiki yake, Luigi Brugnatelli, aliutumia umeme huo kuzichovya dhahabu nishani mbili za fedha. Mwaka wa 1840 akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, walipata hataza ya kuchovya fedha juu ya madini mengine kwa umeme. Hapo vyombo vya mezani vyenye sura ya fedha vikaanza kuingia hata katika nyumba za watu wasio matajiri.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na sharti moja: kitu kinachochovywa lazima kipitishe umeme. Nta na mti havipitishi, wala plastiki haipitishi. Mafundi wa karne ya 19 walipaka nta unga wa grafiti, ule mweusi wa kalamu ya risasi, na shaba ikatanda juu yake. Njia hiyo iliwafaa wapiga chapa, kwa kuwa wao walitaka ganda la shaba libanduke. Kwa kitu cha kushikwa kila siku haikufaa, maana kifuniko kibandukacho si kifuniko.

Njia ilifunguka katikati ya karne ya 20. Mwaka wa 1946 Abner Brenner na Grace Riddell, wataalamu wa Marekani, walieleza jinsi nikeli inavyoweza kutanda juu ya kitu bila umeme wowote, kwa nguvu ya dawa zilizomo majini. Kisha ikapatikana plastiki iitwayo ABS, ambayo ndani yake mna chembe ndogo mno za mpira. Ikitiwa katika asidi kali ya kromiamu yenye moto, chembe zilizo juu huliwa, vikabaki vishimo visivyoonekana kwa macho. Hupandwa humo mbegu za paladiamu. Juu ya mbegu hizo nikeli au shaba hutanda bila umeme, ikishika vishimo kama mizizi ishikavyo udongo. Sasa umeme waweza kupita, na fundi huongeza shaba, kisha nikeli, na mwisho utando mwembamba sana wa kromiamu. Katika miaka ya 1960 kazi hii ilienea viwandani.

Wala si lazima uso wa kitu uwe laini kama kioo. Fundi akitaka mistari, au vipele mfano wa ngozi ya mnyama, huichora kwanza kalibu ya feleji kwa asidi, na kila kipande cha plastiki hutoka na nakshi hiyo. Lakini yampasa aipime vyema. Shaba ina tabia ya kujaza mikwaruzo myembamba, hivyo nakshi isiyo na kina hupotea. Tena, umeme hupendelea kingo na ncha: huko madini huwa mazito, na mashimoni huwa haba. Kwa hiyo mchoraji mwenye busara huviringa kingo zake. Na akitaka mng'ao wa kufifia, kama wa lulu, fundi hutumia nikeli iliyotiwa dawa za kuizuia isimetemete.

Sasa tazama upande wa pili. Asidi ile ya kromiamu, iliyofungua mlango, ni sumu. Mvuke wake ulitoboa pua za wafanyakazi wa viwandani, na imethibitika kuwa huleta saratani ya mapafu. Maji yake yakimwagwa ovyo huharibu mito na visima. Ndiyo sababu nchi za Umoja wa Ulaya ziliamuru kwamba baada ya Septemba 2017 isitumike bila kibali. Wataalamu wametafuta njia nyingine: kwa utando wa juu, kromiamu ya namna isiyo na sumu kali kama ile; na kwa kutoboa vishimo, dawa za pamanganeti.

Basi, msomaji, mithali ya mkakasi yatufunza zaidi ya tulivyodhani. Hakuna aibu plastiki ikivaa madini, mradi muuzaji asimwambie mnunuzi kuwa ni chuma. Lakini mwenye akili huuliza pia ni mkono wa nani ulioutia urembo huo, na kama mkono huo ulirudi nyumbani salama. Huenda siku moja wewe ndiwe utakayeongoza kiwanda, usisahau kuuliza.