Ukuaji baada ya kiwewe

Ukuaji baada ya kiwewe ni mabadiliko chanya ya nafsi, utambulisho na maadili ambayo baadhi ya manusura wa mateso makali, kama vita, kifungo, maradhi mazito au kufiwa, huyaeleza baada ya kupambana na yaliyowapata. Dhana hii ilipewa jina katikati ya miaka ya 1990 na wanasaikolojia wa Marekani Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun. Dodoso lao la mwaka 1996 lina kauli 21, na mhojiwa hujipa alama 0 hadi 5 kwa kila moja kuhusu uhusiano na watu, fursa mpya, nguvu binafsi, imani na kuthamini uhai. Kwa maelezo yao, chanzo cha ukuaji ni kazi ngumu ya kujenga upya mtazamo uliovunjwa na mateso. Maumivu hayaondoki kwa sababu hiyo. Ukuaji na jinamizi huweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyenusurika Auschwitz, hutajwa mara nyingi kama mfano, ingawa haufai kikamilifu: nadharia yake ya kutafuta maana ya maisha aliianza kabla ya vita. Mswada wa nadharia hiyo, aliouficha ndani ya koti, ulipotea Auschwitz mwaka 1944. Baadaye, akiugua taifasi katika kambi ya Türkheim, aliandika upya vidokezo vyake kwenye vipande vya karatasi.

Hata hivyo, mwaka 2009 mtafiti Patricia Frazier na wenzake, waliowapima wanafunzi kabla na baada ya tukio la kiwewe, walikuta kwamba ukuaji unaosimuliwa kwa jumla hauendani na mabadiliko yaliyopimwa.