Wiki kama Kipimo cha Ujifunzaji: Hoja ya Kupanga Lugha na Hisabati kwa Pamoja katika Darasa la Kwanza na la Pili

Ikisiri

Makala haya yanadai kwamba katika Darasa la Kwanza na la Pili, wiki ndiyo muda unaofaa zaidi kupangia, kupimia na kurekebishia ujifunzaji wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK). Yanadai pia kwamba lugha na hisabati zipangwe pamoja ndani ya wiki hiyo, kwa kuwa makosa mengi ya hesabu ya watoto wadogo chimbuko lake ni lugha.

Utangulizi

Upimaji wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2013 ulionyesha kwamba takriban asilimia 8 tu ya wanafunzi wa Darasa la Pili waliweza kusoma kwa ufahamu uliotarajiwa. Tafiti za mpango wa Uwezo wa kupima ujifunzaji, zilizoanza Kenya mwaka 2009 na kuenea Tanzania na Uganda mwaka 2010, zilikuwa zimekwisha kuonya: watoto wengi wa Darasa la Tatu walishindwa hadithi na hesabu za kiwango cha Darasa la Pili. Mtaala wa Tanzania wa mwaka 2015 uliitikia kilio hicho kwa kuzipa stadi za KKK takriban asilimia 80 ya muda wa Darasa la Kwanza na la Pili. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Hata hivyo, kuongeza muda ni jambo moja na kuupanga ni jingine, na ni katika kuupanga ambako bado tunapwaya.

Kipindi ni kifupi, muhula ni mrefu

Mwalimu wa Darasa la Kwanza huandika andalio la somo kwa kipindi cha dakika 30. Ndani yake hutakiwa kutanguliza somo, kujenga umahiri mpya, kuuimarisha na kuupima. Mtoto aliyeitamka vizuri silabi “nya” dakika ya 25 huhesabiwa kuwa amejifunza. Lakini kukumbuka jambo baada ya dakika kumi si sawa na kulikumbuka baada ya siku nne. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kwamba sehemu kubwa ya kilichojifunzwa husahaulika mapema, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hudumisha maarifa kuliko marudio yaliyorundikwa mara moja. Kwa hiyo tathmini ya mwisho wa kipindi humpa mwalimu picha nzuri kuliko hali halisi.

Mtihani wa mwisho wa muhula nao hufika wakati mambo yameharibika. Mtoto ambaye hakuelewa kujumlisha kwa kubeba mwezi wa pili atabeba pengo hilo hadi mwezi wa sita, huku mada mpya zikijengwa juu yake. Alama zake zitatueleza kwamba ameshindwa. Hazitatueleza ameshindwa wapi.

Wiki hukaa katikati ya kasoro hizo mbili. Ni ndefu kiasi cha kumruhusu mtoto asahau na akumbushwe, na ni fupi kiasi kwamba kosa lililoonekana Ijumaa linaweza kurekebishwa Jumatatu. Azimio la kazi tayari lina safu ya wiki, ila mara nyingi safu hiyo hutumika kugawa vipindi na kuonyesha mada imefikia wapi. Ninachopendekeza ni kwamba iwe mahali pa uamuzi: wiki hii watoto wameweza nini, na wiki ijayo nani arudie nini. Kwa mfano, Alhamisi iwe ya maswali mafupi ya kupima, na Ijumaa iwe ya marudio kwa makundi.

Lugha ndani ya hesabu

Katika madarasa haya mwalimu mmoja aghalabu hufundisha stadi zote tatu, lakini miradi humfikia vipande vipande. Nchini Kenya, programu ya Tusome iliyoanza mwaka 2015 ilileta vitabu kwa kila mwanafunzi, miongozo ya mwalimu na maofisa wa kutembelea madarasa, kwa ajili ya Kiswahili na Kiingereza. Hisabati ilikuja kwa mradi mwingine, PRIEDE, wenye wafadhili wake na miongozo yake. Kila mmoja ulikuwa na faida zake, lakini mgawanyo wa namna hiyo humfanya mwalimu aone masomo mawili pale ambapo mtoto ana tatizo moja.

Chukua mafumbo mawili ya hesabu. La kwanza: Rehema alikuwa na maembe 12, akampa Musa 5, amebakiwa na mangapi? La pili: Rehema ana maembe 12 na Musa ana 5, Rehema amemzidi Musa kwa maembe mangapi? Tendo la hesabu ni lile lile, 12 kutoa 5. Hata hivyo, watoto wadogo huliweza la kwanza mapema zaidi, kwa kuwa la pili halina tendo la kutoa linaloonekana. Linadai uelewa wa sentensi ya kulinganisha. Anayejumlisha na kupata 17 hahitaji mazoezi zaidi ya kutoa. Anahitaji kusikia, kusema na kusoma sentensi za kuzidi na kupungukiwa, na kazi hiyo ni ya kipindi cha lugha.

Majina ya namba yanatoa mfano wa pili. Kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa, Kiswahili humwonyesha mtoto wazi kwamba kuna kumi moja na mamoja kadhaa. Baada ya hapo, ishirini, thelathini na arobaini hazimwonyeshi mbili, tatu wala nne. Ndipo hutokea mtoto akaandika 304 akimaanisha thelathini na nne. Vibunda vya vijiti kumikumi vitamsaidia katika hesabu, lakini wiki hiyo hiyo asome na kuandika maneno hayo katika lugha.

Usomaji nao una mtego wake. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu, hivyo mtoto anaweza kuunganisha silabi vizuri bila kuelewa anachosoma, hasa pale nyumbani wanapozungumza Kisukuma, Kigogo au Kiha. Fumbo la hesabu la sentensi mbili ni kipimo kizuri cha ufahamu: jibu lake haliwezi kupatikana kwa kutamka tu.

Hoja za kupinga

Wapo watakaosema kwamba madarasa ni makubwa mno. Ni kweli kwamba elimu bila ada, iliyoanza Tanzania Januari 2016, iliwaleta shuleni watoto wengi kuliko madawati na walimu waliokuwapo. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 90 akiwasikiliza 6 wakisoma kila siku, atakuwa amelisikiliza darasa zima ndani ya wiki tatu. Kwa hesabu, maswali manne ya Alhamisi yanatosha, mradi madaftari yapangwe kwa aina ya kosa na si kwa idadi ya vyema.

Wengine wataogopa kwamba kuwagawa watoto kwa makundi ya Ijumaa kutawabandika majina. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kubadili makundi kila wiki kulingana na stadi. Isitoshe, utafiti wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba kuwagawa wanafunzi wa darasa la kwanza kwa kiwango chao kuliwanufaisha wenye uwezo wa juu na wa chini pia.

Pingamizi zito zaidi ni la kumaliza mada. Mwalimu hukaguliwa kwa mada alizozifikia, hivyo kusimama Ijumaa ili kurudia huonekana kama kuchelewa. Hapa lawama si yake. Ofisa anayekagua azimio la kazi aulize kwanza watoto wameweza nini wiki iliyopita, ndipo aulize mada imefika wapi.

Hitimisho

Mabadiliko haya hayadai mtaala mpya wala fedha za mradi. Yanadai safu ya wiki katika azimio la kazi ibebe matokeo ya lugha na hisabati pamoja, siku moja ya wiki itengwe kwa marudio ya makundi, na ukaguzi uheshimu siku hiyo. Taifa lililokwisha kuamua kuzipa KKK asilimia 80 ya muda wa mtoto lina wajibu wa kumruhusu mwalimu kurudi nyuma pale mtoto alipobaki.