Picha yako ya nyota imetoka nyeusi? Usiifute, rangi zimo humo humo

Umekesha nje, kamera umeielekeza kwenye kundinyota la Jabari, yaani Orion. Umepiga picha kibao za wingu lake maarufu la gesi, M42, lililo umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 1,300. Unazifungua kwenye kompyuta: giza tupu na vinukta vyeupe vichache. Wengi hufuta hapo hapo. Kumbe picha ni nzima, ila haijatanuliwa mwanga.

Kwa nini inaonekana nyeusi?

Kamera huhesabu mwanga kama ulivyo. Mwanga ukiongezeka mara mbili, namba nayo inaongezeka mara mbili. Kamera nyingi nzuri hutunza faili ya RAW kwa biti 14, yaani ngazi 16,384 kutoka giza mpaka weupe. Nyota kali zinafika juu kabisa, lakini wingu lenyewe limebanana kwenye ngazi za chini. Ukifungua histogramu utaona kilima chembamba kimejibana kushoto.

Kutanua ni kupandisha ngazi hizo za chini zionekane, bila zile za juu kugonga dari. Si udanganyifu: huongezi kitu, unaonyesha kilichokwisha kunaswa. Ila lazima upige RAW. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ukiivuta sana anga linatoka mistari mistari.

Kabla hujatanua

1. Unganisha picha zako zote ziwe moja ili chengachenga zipungue. Programu ya Siril inafanya kazi hii, na ni ya bure.

2. Ondoa mng'ao wa taa za mji uliotanda upande mmoja wa anga.

3. Sawazisha rangi.

Ukiruka hatua hizi, kasoro zote zitatanuka pamoja na wingu.

Vuta kidogo kidogo

Usimalize kwa mkupuo mmoja. Vuta kidogo, angalia histogramu, vuta tena. Kilima kikianza kuachana na ukuta wa kushoto, uko njiani. Anga usilifanye jeusi tii. Liache kijivu cha giza, kama ngazi ya 20 hadi 30 kati ya 255, la sivyo kingo nyembamba za wingu zitamezwa.

Rangi zinapotelea wapi?

Hapa ndipo wengi wanakwama: wingu limeonekana, lakini limepauka. Chukua pikseli yenye nyekundu 60 na bluu 20. Nyekundu ni mara 3 ya bluu. Ukitanua kila rangi peke yake, kwa mfano kwa kipeuo cha pili, nyekundu inabaki kama mara 1.7 tu. Mwanga umepata, rangi umepoteza.

Mwaka 2004 Robert Lupton na wenzake walichapisha njia ya kukwepa hilo kwa hesabu inayoitwa asinh. Unapima mwanga wa pikseli nzima, unapata kizidishio kimoja, kisha unazidisha nacho rangi zote tatu. Uwiano wa 3 kwa 1 unabaki vile vile. Siril ina kitufe chake. Anza na asinh kwa kiasi, halafu malizia na kutanua kwa kawaida. Kukoleza rangi kuje mwisho kabisa, tena kwa mkono mwepesi.

Moyo wa wingu usiungue

Katikati ya M42 kuna nyota kali ziitwazo Trapezium. Ukivuta kupita kiasi, eneo lote linakuwa doa jeupe. Na kama pikseli zilijaa tangu kwenye kamera, hakuna programu ya kuzirudisha. Dawa yake ni kupiga pia picha za sekunde chache tu, kisha kuchanganya moyo wa picha hizo fupi na kingo za zile ndefu.

Tunza nakala ya picha iliyounganishwa kabla ya kutanuliwa. Ukikosea, unaanzia hapo, huhitaji kukesha tena. Na ukitaka kukesha, Jabari liko kwenye ikweta ya anga, hivyo Afrika Mashariki hupita karibu na utosini. Miezi mizuri ni Desemba hadi Machi.